Trekta dogo la mtumba lenye loda: soma dalili kabla hujatoa pesa

Trekta langu la kwanza nililikuta linaunguruma. Nilifika yadini saa nne asubuhi, injini tayari ina moto, rangi inang'aa kama limetoka kiwandani jana, na muuzaji akanipandisha kitini kabla sijamaliza hata kusalimia. Kesho yake nyumbani, kwenye baridi ya mlimani, lilikataa kuwaka karibu dakika ishirini, na lilipowaka likatoa moshi mweupe uliofunika zizi zima. Tangu siku hiyo nina sharti moja: nampigia muuzaji jioni, namwomba asiliwashe mpaka nifike. Nikifika, kabla ya lolote naweka kiganja kwenye bloku ya injini. Ikiwa ya moto, natafuta kivuli na kungoja ipoe. Muuzaji akikataa ningoje, nimeshapata jibu langu.

Mengi ya matrekta haya madogo ya hp 15 hadi 30 tunayoyaona Tanzania na Kenya, yaani Kubota, Yanmar, Iseki, Shibaura na ndugu zao, yalianzia maisha Japani kwenye majaruba ya mpunga, yakizungusha rotari, yaani jembe la kuzunguka, ndani ya tope. Loda, yaani mikono ya mbele na kijiko chake, mara nyingi imefungwa baadaye. Weka hilo akilini, kwa sababu linaeleza nusu ya magonjwa yaliyo hapa chini: maji yaliyoingia kwenye ekseli ya mbele, PTO (shafti ya nyuma inayozungusha zana) iliyochoka, na mwili uliobebeshwa mzigo ambao haukupangiwa.

Nenda na tochi, chaki, kipande cha kadibodi, mita ya volti na matambara. Mita ya saa, ile inayohesabu saa za kazi za injini, mimi huiangalia mwisho kabisa. Pedali ya klachi iliyolika mpaka chuma kung'aa, na tundu la pini ya kuvutia tela lililogeuka yai, hazijui kudanganya. Ukiona rangi mpya imepita hadi juu ya nipo za grisi, yaani vitundu vya kuingizia grisi, ujue aliyepaka rangi hakupiga grisi kwanza.

Haliwaki, au linawaka kwa shida likiwa la baridi

Mara nyingi ni betri. Pima kabla hujagusa swichi: volti 12.6 imejaa, 12.0 ina njaa. Mtu apige stata huku ukitazama mita. Ikianguka chini ya volti 9.6 hivi, betri imechoka au stata inakula umeme kupita kiasi. Usilaumu chochote kabla hujasafisha vichwa vya betri na kufuata waya wa ethi hadi unapofungwa kwenye chuma. Ethi iliyoota kutu imeuza stata nyingi zisizo na kosa.

Ukigeuza swichi na kukawa kimya kabisa, angalia swichi za usalama, ile ya pedali ya klachi na ile ya leva ya PTO. Inama na tochi chini ya pedali. Ukikuta nyaya mbili zimesokotwa pamoja na kufungwa utepe mweusi, mtu aliruka swichi, na trekta hilo linaweza kuwaka likiwa kwenye gia. Liwashe ukiwa umekaa kitini tu, kamwe si ukiwa umesimama pembeni ya gurudumu la nyuma. Kurudisha swichi ni kazi ndogo, ila usiiahirishe.

Stata ikizungusha vizuri na injini isishike, fuata dizeli. Kifundo cha kuzimia kimerudishwa ndani? Koki ya tangi iko wazi? Kwenye kikombe cha kioo cha filta, maji hukaa chini na dizeli juu, utaona mstari kati yao. Toa maji, badilisha filta, kisha toa hewa kwa kulegeza skrubu ya filta mpaka dizeli ije bila povu. Baada ya hapo nenda kwenye hita plagi, zile plagi zinazopasha silinda joto kabla ya kuwasha. Toa waya wake, chukua taa ya kupimia, upande mmoja kwenye chanya ya betri na mwingine kwenye kichwa cha plagi, moja baada ya nyingine. Isiyowasha taa imekufa. Kubadilisha zote ni gharama ndogo, na kwa trekta lenye shida ya asubuhi pekee, mara nyingi dawa ni hiyo.

Kama hayo yote ni mazima na bado linasumbua, tunaingia kwenye kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Hapo simama, mwite fundi wa dizeli mwenye geji. Usikubali linyunyiziwe dawa ya kuwashia kwenye njia ya hewa: injini yenye hita plagi inaweza kulipua dawa hiyo kabla ya wakati wake na kupasua pistoni au ringi. Kuchoma gazeti mbele ya filta ya hewa nako ni kamari hiyo hiyo.

Moshi

Mweupe unaokatika baada ya dakika moja mbili ni baridi tu. Mweupe usiokatika, pua ndiyo kipimo: ukinuka dizeli mbichi, shuku nozeli (vipulizia dizeli), kisha kompresheni, ukinuka utamutamu huku maji ya rejeta yakipungua, shuku gasketi ya silinda hedi. Mweusi kwanza ni filta ya hewa iliyojaa vumbi. Itoe, ukiona mwanga wa tochi haupiti, umepata. Kisha ndiyo nozeli.

Wa bluu ni oili inayoungua. Fanya hivi: injini ikishapata moto, ikiwa inaunguruma taratibu, fungua kifuniko cha kumiminia oili, kigeuze juu chini na ukilaze juu ya tundu lake. Pumzi kidogo ni kawaida. Kifuniko kikianza kucheza na kuruka kama mfuniko wa sufuria ya maharage, ringi zimekwisha, na unachonunua ni trekta pamoja na ovahoo yake. Punguza bei kwa kiasi hicho au ondoka.

Kabla ya kuondoka, soma namba ya injini kwenye bloku. Spea za matrekta ya soko la Japani hutafutwa kwa namba hiyo kuliko kwa jina la trekta. Kwa Kubota, herufi ya kwanza hutaja silinda: Z ni mbili, D tatu, V nne, na tarakimu zinakaribia cc, hivyo D1105 ina silinda tatu na cc 1,123. Yanmar wao huanza na namba: 3TNV88 ni silinda tatu zenye upana wa milimita 88. Muulize muuza spea unayemwamini kama ana filta na gasketi za injini hiyo. Simu ya dakika tano.

Linachemsha

Mbegu za nyasi na vumbi kwenye uso wa rejeta, hiyo ndiyo sababu ya kwanza, ya pili na ya tatu. Pulizia hewa kutoka upande wa injini kwenda mbele. Halafu fenibelti: ikiwa inang'aa kama kioo, inateleza. Halafu thermostati, ambayo mafundi wetu hupenda kuing'oa na kutupa eti injini ipoe. Injini isiyo nayo huchelewa kupata moto, na huchakaa mapema, mimi huirudisha. Mwisho, likiwa limepoa, fungua rejeta, washa, utazame. Mapovu yasiyokoma ni gesi ya silinda inayopita gasketi au ufa wa hedi. Hiyo ni ya fundi. Na rejeta yenye moto haifunguliwi, hata kwa tambara nene.

Kijiko kinapanda polepole au hakinyanyui

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu mtu hukimbilia kununua pampu. Nenda taratibu.

Kwanza, ongeza moto wa injini. Pampu ya haidroliki inazungushwa na injini, hivyo kijiko kinachojikokota injini ikiwa chini kinaweza kuwa kizima kabisa. Pili, pima oili trekta likiwa kwenye uwanja wa tambarare. Katika mengi ya matrekta haya, oili ya giaboksi ndiyo hiyo hiyo ya haidroliki, na loda iliyofungwa baadaye ina silinda nne za kujaza. Aliyeifunga asipoongeza oili, kijiti kitakuonyesha. Tatu, chujio la njia ya kuvutia oili. Likiziba, pampu hulia mlio mwembamba kama mbu, na oili huja na povu. Povu hilo hilo linaweza kutoka kwenye oringi (pete ya mpira) iliyokauka ya paipu ya kuvutia, mahali ambapo oili haivuji nje bali hewa inaingia ndani, ndiyo maana watu hawaioni.

Sasa linganisha. Nyanyua kijiko, kisha nyanyua mikono ya nyuma ya zana. Vyote viwili vikiwa vinyonge, tatizo liko kabla ya njia panda: chujio, pampu, au valvu kuu ya kuachia presha. Nyuma ikiwa na nguvu na mbele pekee ndiyo nyonge, basi ni ya loda yenyewe: valvu yake ya kuachia presha, hozi iliyojikunja, au sili za pistoni ndani ya silinda. Ulinganisho huu hauhitaji spana hata moja, na umeniokoa mara mbili kununua pampu.

Pima pia kwa mzigo wa kweli. Kijiko cha lita 200 kikijazwa mchanga mbichi kina karibu kilo 380, na trekta dogo linaweza kushindwa bila kuwa na ugonjwa wowote. Samadi ni nyepesi zaidi. Uliza loda imepangiwa kilo ngapi kabla ya kuiita mbovu.

Kukaza ile valvu ya presha ili kijiko kipate nguvu, usifanye kwa kukisia. Kuna fundi atakayekufanyia kwa dakika mbili, na hozi ikapasuka wiki ijayo. Inarekebishwa na geji ikiwa imefungwa, kwa kipimo cha trekta husika.

Na hili lisomwe mara mbili: usitafute uvujaji kwa kidole. Presha humo inapita bar 100, na tundu dogo kama la sindano huweza kuingiza oili chini ya ngozi bila maumivu makubwa. Pitisha kadibodi kando ya hozi, oili itajichora yenyewe. Mtu akipigwa na oili, hata kama jeraha ni kinukta tu, apelekwe hospitali saa hiyo hiyo na daktari aambiwe ni oili ya presha. Ikingojwa hadi kesho, mkono unaweza kukatwa.

Kijiko kinashuka chenyewe

Nyanyua kijiko kitupu hadi usawa wa kiuno, zima injini, piga mstari wa chaki kwenye chuma kinachotoka ndani ya silinda, palipo ukingoni mwa sili. Ngoja dakika tano. Kushuka kidogo kidogo ni kawaida kwa mashine ya umri huu. Kikifika chini kabla hujamaliza kunywa chai, kuna kazi.

Anza na leva. Loda nyingi zina nafasi ya mwisho mbele ambapo kijiko huachwa kielee na kufuata ardhi. Leva ikinasa humo, kijiko lazima kishuke. Kisha tazama nje: hozi zilizolowa, silinda zinazolia oili kwenye shingo. Chuma hicho cha silinda kipitishie kucha. Kikiwa na mikwaruzo au vidonda vya kutu, sili mpya haitamaliza mwezi.

Nje kukiwa kukavu, mafundi wengi watasema sili za pistoni. Mimi huanza kushuku valvu ya leva. Sababu yake ni hii: leva ikiwa katikati na milango yote miwili ya silinda imefungwa vizuri, oili inayopita pistoni haina pa kwenda, hivyo mikono haiwezi kushuka sana. Ikishuka, maana yake kuna mahali oili inarudi tangini, na mahali hapo mara nyingi ni ndani ya valvu iliyolika. Sili za pistoni dalili yake kubwa ni unyonge wa kunyanyua. Valvu iliyolika haitengenezeki. Hubadilishwa nzima, kwa hiyo ulizia bei yake kabla ya kupatana.

Usiingie chini ya mikono iliyonyanyuliwa na haidroliki peke yake, hata kuokota spana. Weka vyuma vya kuzuia au teremsha kijiko mpaka ardhini.

Oili imekuwa kama chai ya maziwa

Hayo ni maji. Kwenye giaboksi huingia kwa mpira uliopasuka chini ya leva ya gia, trekta likilala nje mvua zote. Kwenye ekseli ya mbele huingia kwa sili za magurudumu, kumbukumbu ya jaruba. Kijiti peke yake hakitoshi, maana maji hukaa chini: trekta likiwa limelala usiku kucha, legeza boliti ya kumwagia oili kidogo tu uone kinachotangulia. Ukiwa na shaka, pasha matone machache kwenye kijiko cha chuma, uso wako ukiwa mbali. Yakichatachata, kuna maji.

Maji ya mvua yaliyoingia karibuni huisha kwa kumwaga oili mara mbili na kuziba mpira. Oili hiyo ikija na vipande vinavyong'aa, hasa vyenye umbo la meno, gia zimeanza kuvunjika. Hapo fundi afungue kabla hujalipa, au uache.

Mbele kunacheza, usukani haujui unakwenda wapi

Bonyeza kijiko chini mpaka magurudumu ya mbele yaachane na ardhi kidogo, na mtu asiingie chini. Shika tairi juu na chini ulitikise: likicheza, ni beringi au kingipini (pini ambayo gurudumu hugeukia). Shika kulia na kushoto: likicheza, ni ncha za tairodi, yaani fimbo za usukani, ambazo ni nafuu. Sukuma ekseli nzima mbele na nyuma: ikicheza kwenye pini yake ya katikati, bushi imekwisha. Kwa trekta lenye loda hiyo pini ndiyo inayobeba adhabu yote, na nimeona tundu lake limekuwa kubwa kiasi cha kupitisha kidole. Bushi inachongwa kwa fundi wa mashine ya kukereza chuma bila shida. Tundu la chuma kilichopasuka, hapana.

Gurudumu la mbele lenye mstari mweusi wa oili na vumbi upande wa ndani ni sili. Ukibadilisha sili bila kubadilisha beringi iliyochoka, utarudi.

Linaruka na kugoma ukiweka gia ya magurudumu manne

Mara nyingi ni matairi. Magurudumu ya mbele yamepangwa kutangulia kidogo, asilimia 1 hadi 5 hivi. Aliyefunga matairi ya mbele ya saizi aliyoipata sokoni ameharibu hesabu hiyo, na giaboksi inavutana yenyewe kwa yenyewe. Soma namba za ukutani mwa tairi zote nne. Kwenye lami au zege iache gia hiyo hata kama matairi ni sahihi. Leva ikijitoa yenyewe chini ya mzigo, au mbele kukisikika mgongano wa chuma, meno yamelika, na ni kazi ya kufungua ekseli.

Klachi na PTO

Weka gia ya juu, kanyaga breki, achia klachi polepole. Injini inapaswa kuzimika. Ikiendelea kuunguruma, klachi inateleza. Rekebisha kwanza uchezaji wa pedali, kawaida sentimita 2 hadi 3, ndipo ufikirie kugawa trekta katikati. Gia zikikwaruza zote tena pedali ikiwa chini kabisa, huenda diski imeganda na kutu baada ya kusimama miezi mingi. Hiyo huachia, wakati mwingine.

Matrekta ya Japani mengi yana mwendo wa PTO zaidi ya mmoja, na maandishi ya leva ni ya Kijapani. Zana zetu nyingi ni za mizunguko 540. Ukiweka gia ya juu kwa kukosea, mashine ya kukatia majani inaweza kurusha visu. Pata mtu asome, kisha andika kwa rangi.

Nyufa

Safisha grisi, piga tochi kwa pembeni. Angalia michomelelo ya bomba linalounganisha mikono miwili, masikio ya pini za kijiko, na zaidi ya yote nyumba ya klachi pale mabano ya loda yanapofungiwa. Ufa kwenye mkono huchomelewa na mtu anayejua kazi. Ufa kwenye nyumba ya klachi, ambayo ni chuma cha kumimina na ndiyo uti wa mgongo wa trekta, ni sababu ya kushukuru kwa chai na kwenda zako. Oili inayochuruzika hapo chini isikupumbaze ukadhani ni sili ya krankishafti tu. Futa, tazama tena.

Nyuma kunanyanyuka kijiko kikijaa

Trekta si bovu, halina uzito nyuma. Pipa la lita 200 lililokatwa nusu na kujazwa zege lina karibu kilo 240. Pachika kwenye mikono mitatu ya nyuma, kama mikono yenyewe imepangiwa uzito huo. Matairi ya nyuma yajaze maji robo tatu, valvu ikiwa juu. Huku kwetu hakuna barafu ya kuyapasua. Mengi ya zamani hayana chuma cha kumlinda dereva likipinduka. Fungiwa kimoja kilichotengenezwa kwa modeli hiyo, pamoja na mkanda wa kiti, kabla ya kupanda nalo kwenye mteremko. Na mzigo utembee chini, sentimita 30 kutoka ardhini, hata kama vijana wanakupigia makofi uunyanyue.